Kimbia Penye Watu

Umeshajiandikisha. Pesa umelipa, na jioni ile ile ukatangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba akakurushia vigelegele, shangazi akakuombea, binamu akauliza kama utaonekana kwenye televisheni. Sasa hakuna kurudi nyuma. Nusu marathoni ya hifadhi ya Lewa nchini Kenya, kilomita 21 za vumbi na vilima katikati ya wanyama, inakungoja mwezi Juni, na zoezi kubwa ulilofanya mpaka leo ni zile ngazi ulizopanda siku lifti ya kazini ilipoharibika.

Sogea karibu tuzungumze kwa sauti ya chini. Hutashinda. Wa kushinda wapo, wamezoea vilima tangu walipokuwa wakikimbilia shule, na kabla hujamaliza kilomita ya pili utakuwa huwaoni tena. Hilo likishaingia kichwani, moyo unatulia. Kazi inayobaki ni moja: kushindwa vizuri. Kushindwa vizuri ni ufundi, una njia zake za mkato, na karibu zote ni halali. Nitakupa zote ninazozijua.

KWANZA: SHUKURU KWA KILIMA

Ulichagua vyema kuliko unavyodhani. Barabara ya lami iliyonyooka haina pa kujificha. Mwaka 2021 Jacob Kiplimo wa Uganda alimaliza nusu marathoni ya Lisbon kwa dakika 57 na sekunde 31, na ukikimbia barabara kama ile, kila atakayekuuliza muda wako ataulaza kando ya huo na kukutazama kwa huruma.

Lewa hakuna wa kukufanyia hivyo. Njia ni ya murram, inapanda na kushuka, iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua la saa nne likishapamba moto hakuna mti wa kukukinga kwa kilomita nzima. Hata bingwa muda wake hurefuka pale. Basi shika mpangilio huu na uufanyie mazoezi mbele ya kioo. Ukiulizwa ulitumia muda gani, anza na mwinuko. Ukitoka kwenye mwinuko nenda kwenye vumbi. Ukitoka kwenye vumbi nenda kwa kifaru. Ukifika kwenye saa na dakika utakuta mtu ameshasahau alichouliza, anataka habari za kifaru. Hujasema uongo hata neno moja.

PILI: ZOEZI MOJA, LAKINI LILE

Ungekuwa na muda ningekuambia ukimbie mara tatu kwa wiki, mara moja iwe safari ndefu. Huna muda, nami sitakusumbua. Fanya zoezi moja tu: shuka mlima.

Wengi hujiandaa kwa kupanda. Wanapanda ngazi, wanapanda mlima wa mtaani kwao, wanarudi nyumbani kwa bodaboda. Kumbe kupanda hukuchosha mapafu, na mapafu hupumzika kwa dakika tano. Kushuka ndiko kunakovunja mapaja. Ukishuka, msuli wa mbele ya paja unafanya kazi ya breki: unavutwa urefuke huku umebeba uzito wako wote, na ndani yake nyuzi ndogo ndogo zinachanika. Siku ile husikii kitu. Siku ya pili ndipo unashindwa kukaa chooni.

Sasa sikia siri. Mwili ukishaumizwa hivyo mara moja, unajikarabati na kukumbuka. Mteremko mmoja mrefu, ulioushuka kwa kukimbia wiki mbili tatu kabla ya mbio, unapunguza sana maumivu ya mteremko unaofuata. Mara moja tu inatosha kuleta tofauti unayoihisi. Nenda vilima vya Ngong siku ya Jumamosi, panda ukitembea taratibu, kula karanga zako pale juu ukitazama Bonde la Ufa, kisha shuka ukikimbia kwa hatua fupi. Jumatatu utajuta. Mwezi Juni utanikumbuka kwa wema.

Na kama unaishi Nairobi, una zawadi ambayo hujaifungua. Mji wako uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kila usiku unalala kwenye hewa nyepesi kama ya Lewa bila kulipa kambi. Wewe wa Mombasa au Malindi, ndugu yangu, hali ni nyingine. Hewa ya kwenu ni nzito na tamu, na ukiikosa ghafla kifua kitakuuliza maswali. Ukiweza, tangulia siku mbili tatu. Usipoweza, kimbia kilomita tano za mwanzo polepole kiasi cha kuona aibu. Ile aibu ndiyo mwendo wako sahihi.

TATU: KUCHA NA VIATU

Usinunue viatu vipya. Najua umeviona vile vya rangi ya ndimu dirishani na umeshajiona navyo kwenye picha. Vinunue baada ya mbio, uvae ukienda sokoni. Siku ya mbio vaa vile ambavyo mguu wako umeshavifinyanga.

Kata kucha siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia mbio, maana ukikata vibaya unataka siku ya kupona. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nilipuuza, na kwenye mteremko wa kwanza kidole gumba cha mguu wa kulia kilianza kubisha hodi ndani ya kiatu, hatua kwa hatua, kama mtu anayegonga mlango uliofungwa. Jioni ukucha ulikuwa wa zambarau. Mwezi wa nane uling'oka wenyewe nikiwa naoga. Basi kabla ya mteremko simama, inama, kaza kamba za kiatu pale juu kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele. Sekunde ishirini. Na ukiinama unapumua, na anayekuona anadhani umesimama kwa sababu ya kamba.

NNE: USIKU WA KAMBI

Utalala kwenye hema, na usiku wa Juni pale una baridi inayopenya blanketi. Beba sweta. Kula ulichozoea kula: ugali, wali, viazi vitamu, chochote ambacho tumbo lako linakijua kwa jina. Usiku wa kambi si wa kuonja kitu cha rafiki.

Hatari kubwa ya usiku huo ni mdomo. Watu wataota moto na kuanza kutaja muda wanaoutarajia. Yule atasema saa moja na nusu, yule saa mbili kasorobo, na wewe utasikia kitu kinakuwasha ulimini. Nyamaza. Muda uliotajwa ni deni. Ukibanwa sana sema, "Mimi nimekuja kuona Lewa," na hilo litakuwa kweli, kwa sababu nitakuonyesha hapa chini namna ya kuiona.

TANO: SIMAMA NYUMA

Asubuhi, kabla ya mbio, utasikia helikopta. Huruka juu ya njia ili kuona wanyama wako wapi na kuwasogeza mbali na watu, na walinzi wenye silaha hukaa kwenye sehemu zao kando ya njia. Ndani ya Lewa kuna simba, nyati, ndovu na vifaru, na hakuna ukuta kati yao na wewe. Ukimpita mlinzi, msalimie. Ameamka kabla yako, atasimama pale mpaka wa mwisho apite, na huenda wa mwisho ukawa wewe.

Kwenye mstari wa kuanzia nenda nyuma kabisa. Pale mbele kuna viwiko. Kila mtu ana nguvu za bure za kilomita ya kwanza, na kundi zima likiondoka linainua vumbi jekundu linaloning'inia hewani. Subiri. Hesabu mpaka thelathini, acha litulie, kisha anza. Kuna faida nyingine ambayo haitangazwi: aliyeanza mbele atapitwa asubuhi nzima, na aliyeanza nyuma hakuna wa kumpita. Utawapita wengi. Kwa wingi wa watu utakaowapita, utahisi kama bingwa, na hisia hiyo ni mafuta ya kweli kabisa.

SITA: MLIMA TEMBEA

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo tulia.

Kilima cha kwanza kikitokea, tembea. Usingoje kuchoka. Anayetembea baada ya kuishiwa pumzi anaonekana ameshindwa, na kweli ameshindwa. Anayeanza kutembea akiwa bado anaweza kuzungumza anaonekana ana mpango, na kweli anao. Tofauti yao ni hatua hamsini tu.

Usidhani ninakudekeza. Kwenye mwinamo mkali, mtu anayetembea kwa nguvu hutumia nishati kidogo kuliko anayejikaza kukimbia kwa kasi ile ile, kwa sababu mkimbiaji anauinua mwili wake hewani kila hatua bila kusonga mbele zaidi. Kilian Jornet wa Uhispania, ambaye ameshinda mbio za milimani kupita hesabu, hupanda mwinuko mkali akitembea, ameinama, viganja juu ya mapaja, akisukuma. Kama yeye anatembea, wewe na mimi tunataka kumthibitishia nani?

Fanya hivi. Inama kidogo kuanzia nyongani, usiukunje mgongo. Weka viganja juu kidogo ya magoti, kwenye nyama ya paja, na kila mguu unapotua ubonyeze. Hatua fupi. Macho mita tatu mbele, kamwe usitazame kileleni, maana kilele cha Lewa kina tabia ya kuwa na kilele kingine nyuma yake. Hesabu hatua mia moja, kisha anza upya. Juu kabisa, mahali njia inapoanza kulala, usisimame kujipongeza. Pale ndipo wenzako waliokimbia wameishiwa, wameshika viuno. Wewe anza kukimbia mdogo mdogo, wapite, na uwaambie "pole" kwa moyo safi.

Sasa tuje kwenye fahari, maana unayo, nami ninayo, na hakuna haja ya kuificha. Hupendi kuonekana ukitembea. Vizuri. Jifunze kujua watu watakuwa wapi. Wapiga picha hupenda kona na sehemu ambayo mlima unaonekana nyuma yako. Watoto wa shule na akina mama hukusanyika karibu na vituo vya maji na njia panda. Mahali hapo utapasikia kabla ya kupaona. Sauti zikianza kufika, vuta pumzi mbili, acha mgongo unyooke, na ukimbie. Kimbia vizuri! Inua goti, tabasamu, punga mkono. Ukipita kona na sauti zikabaki nyuma, rudi kwenye kutembea.

Kuna atakayekuita mnafiki. Mimi sikuiti hivyo. Mtoto aliyesimama juani tangu asubuhi kukushangilia anastahili kuona mtu anakimbia. Na wewe, akikupigia makofi, miguu yako kwa kweli inapata nguvu ambayo dakika moja nyuma haikuwepo. Nimelihisi hilo kila mara na sijawahi kulizoea. Mnapeana kitu pale. Kukimbia penye watu ni adabu.

SABA: SIMAMA UTAZAME

Ukiwa juu ya kilima, geuka kusini. Mlima Kenya uko pale, kilele chake cha Batian mita 5,199, na asubuhi huwa wazi kabla mawingu hayajaufunika. Wanaowahi kumaliza wameupita wakiwa wameinamisha macho kwenye saa zao. Wewe upe dakika nzima. Kisha geuka kaskazini, nchi inaporomoka kuelekea Isiolo na Samburu, na mbali kule, hewa ikiwa safi, utauona mlima Ololokwe umesimama peke yake, mrefu na bapa juu.

Kwenye nyasi tafuta punda milia, na ukimpata usimpite kama punda milia wa kawaida. Tazama masikio. Kama ni makubwa ya mviringo, mistari ni myembamba imebanana, na tumbo ni jeupe halina mstari, huyo ni punda milia wa Grevy. Wamebaki elfu chache tu duniani kote, wengi wao kaskazini mwa Kenya, na Lewa ni moja ya ngome zao. Niliwahi kumkuta mmoja amesimama kando ya njia, hatua kama arobaini hivi kutoka nilipokuwa, ana mtoto ambaye mistari yake ilikuwa bado ya kahawia. Mama alinitazama akatikisa sikio moja. Nilisimama pale nikasahau nilikuwa kwenye mbio, na watu saba au wanane wakanipita. Sijui majina yao wala muda wao. Lile sikio ninalikumbuka.

Na kifaru, ukimwona, ujue ulichokiona. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 400. Pembe zao ziliwamaliza. Mwaka 1983 mama mmoja, Anna Merz, pamoja na familia ya Craig waliokuwa na ranchi ya ng'ombe hapo Lewa, walitenga sehemu ya ranchi, wakaizungushia ua na kuweka walinzi, vifaru waliosalia wapate pa kuishi. Mwaka 1995 ranchi nzima ikawa hifadhi. Mbio hizi zilianza mwaka 2000, na fedha zake huenda kwenye ulinzi wa wanyama na kwenye shule na zahanati za jirani. Ndiyo maana sioni haya kukufundisha kutembea. Ada yako na ya bingwa zinamlisha mlinzi yule yule. Bingwa alimaliza kazi yake kwa saa moja na kitu. Wewe umeamua kukaa saa tatu mahali ulipolipia.

NANE: KUDANGANYA

Najua umelingoja hili. Njia inapinda kama nyoka, wewe upo huku, wenzako unawaona kule ng'ambo, na kati yenu kuna nyasi za mita mia mbili tu. Usikate. Zile nyasi zimefika kiunoni, na nyati akilala kwenye nyasi za kiuno haonekani mpaka aamke.

Tena wadanganyifu wakubwa wametuachia somo. Kwenye Olimpiki ya 1904 huko St. Louis, Marekani, marathoni ilikimbiwa kwenye barabara za vumbi na vilima, kwenye joto kali. Fred Lorz alichoka mapema, akapanda gari, akapelekwa kilomita karibu 18 akiwapungia mkono wenzake. Gari likaharibika. Akashuka, akakimbia mpaka uwanjani, watu wakadhani ndiye wa kwanza, na alikuwa anakaribia kuvikwa taji ndipo siri ikafichuka. Alisema alikuwa anafanya mzaha. Mwaka uliofuata, 1905, alishinda marathoni ya Boston kwa miguu yake mwenyewe, na bado jina lake likitajwa, watu husimulia gari. Mwaka 1980, hapo hapo Boston, Rosie Ruiz alivishwa taji la mshindi, na baada ya siku chache akavuliwa. Hakuwa amekimbia njia nzima. Mwaka 1999 kwenye mbio za Comrades za Afrika Kusini ndugu wawili wa familia ya Motsoeneng, wanaofanana, walipokezana njiani kwa kubadilishana viatu na namba chooni. Walikamatwa kwa picha: mmoja alivaa saa mkono wa kulia, mwingine mkono wa kushoto.

Kwenye mbio zile zile za 1904 alikuwepo Len Taunyane wa Afrika Kusini. Mbwa alimfukuza akamtoa nje ya njia. Alirudi akamaliza wa tisa. Ukitaka jina la kulibeba kichwani kwenye kilomita ya kumi na saba, beba la Taunyane.

Lakini sitakuacha mikono mitupu. Kuna udanganyifu wa haki. Njia za mbio rasmi za barabarani hupimwa kwenye mstari mfupi kabisa, sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani wa kila kona. Anayekimbia katikati ya barabara au kufuata upande wa nje anajiongezea safari ambayo hakuna aliyemwomba. Basi kona ikija kulia, hamia kulia mapema. Ikija kushoto, vuka taratibu kwa mshazari uikute. Ni njia ya watu wote, wewe tu umeitumia kwa akili.

Na usikimbie katikati ya murram. Tazama chini: magari yameacha mifereji miwili ya tairi, udongo umekandamizwa ukawa mgumu na laini kama sakafu iliyopigwa samadi. Katikati na pembeni kuna changarawe za kuteleza, na kila hatua hapo mguu unarudi nyuma kidogo. Ingia kwenye mfereji wa tairi. Ukimwona mtu anahangaika kwenye changarawe, usimwambie mpaka umpite. Ukishampita, geuka umwambie.

TISA: MAJI

Kituo cha maji ni mahali pa kutembea na hakuna atakayekuuliza. Hata mabingwa humwagikiwa wakinywa huku wanakimbia. Chukua bilauri mbili. Moja nywa kwa kiasi cha kiu yako, nyingine jimwagie kisogoni na kwenye kofia. Usinywe kwa woga. Mwenda polepole ana hatari yake: ana muda mwingi wa kunywa, na anayejaza maji tumboni kituo baada ya kituo huizimua chumvi ya damu yake mpaka aanze kuumwa kichwa na kutapika, na hilo limewahi kuua watu kwenye mbio. Kiu ndiyo kipimo chako.

Mshukuru anayekupa maji. Mtazame usoni. Dakika hiyo pia ni ya kupumua.

KUMI: CHUKUA MTEREMKO

Kule Ngong uliumia kwa ajili ya dakika hizi. Wengine wote wameanza kushuka kwa visigino, wamerudisha mabega nyuma, wanapiga breki, na kila hatua inawatoboa paja. Wewe legea. Hatua fupi za haraka, miguu itue chini ya mwili wako, mikono iachie pembeni kama ndege anayetua. Macho yasome mawe hatua tatu nne mbele. Miguu itafuata macho bila kuambiwa. Pale unaposikia umeanza kwenda kasi kuliko ulivyokusudia, ongeza idadi ya hatua badala ya kukaza goti. Usishindane na mtu kwenye mteremko wa changarawe. Wanaolia kwenye hema la daktari wengi walikuwa wanashindana na mtu.

KUMI NA MOJA: MWISHO WA NJIA

Ukiwa wa mwisho, au karibu yake, barabara inanyamaza. Muziki unausikia kabla ya kuona mahema. Nyuma yako kuna watu wanaokusanya bilauri zilizotupwa. Zungumza nao, wanajua umbali uliobaki kuliko saa yako.

Mita mia tatu za mwisho, futa vumbi kwenye meno kwa ulimi. La usoni liache, ni lako. Fungua mabega, kimbia. Ukivuka mstari, usiiguse saa. Hili wengi hulikosea, na picha yao ya maisha ni ya mtu aliyeinamia kifundo cha mkono. Saa itaendelea, achana nayo. Inua uso, tazama mbele, mikono juu kama una nguvu ya kuiinua. Halafu endelea kutembea dakika kumi, kunywa chai yenye sukari, kula ndizi, na usikae chini kwenye nyasi kama huna wa kukuinua.

Mbio ni Jumamosi. Maumivu yatafika kileleni kati ya Jumapili jioni na Jumatatu. Jumatatu ukifika kazini utakuta lifti haifanyi kazi tena. Panda. Kushuka, geuka, shika kishikio cha ngazi, ushuke kinyumenyume. Paja la mbele litapata nafuu, na anayekupita atauliza kuna nini.

Anza na mwinuko. Medali iwe mfukoni. Watakuomba uitoe.